Mama Mdogo Dete: Kuisoma Heidi Chini ya Milima ya Uluguru

Nakala yangu ya kwanza ya Heidi haikuwa na jalada. Niliinunua kwa muuza vitabu vya mtumba aliyekuwa akitandika turubai kando ya barabara hapa Morogoro, nikiwa kidato cha pili, na sababu ya kuichagua ilikuwa moja tu: ilikuwa nyembamba na bei yake ndogo. Ilikuwa ya Kiingereza, imefupishwa kwa ajili ya wanafunzi. Nilipoimaliza nikajua nimesoma hadithi ya mtoto anayependa mlima na mbuzi. Basi. Miaka mingi baadaye, nikiwa tayari kwenye kazi hii ya habari, niliisoma nzima, na hapo ndipo nilipoona kwamba waliofupisha walikuwa wamekata yale yale yaliyonihusu mimi.

Kwa ambaye hajakutana nayo: Heidi iliandikwa kwa Kijerumani na Johanna Spyri, mwanamke wa Uswisi, binti wa daktari wa kijijini, aliyezaliwa Hirzel mwaka 1827 na kufariki Zürich mwaka 1901. Sehemu ya kwanza ilitoka 1880, ya pili 1881. Mtoto yatima wa miaka mitano anapandishwa mlimani, juu ya mji wa Maienfeld, kwenda kuishi na babu yake, mzee mkali aliyejitenga na watu na kanisa. Mtoto na mzee wanapendana. Anapofikisha miaka minane anachukuliwa ghafla na kupelekwa mji mkubwa wa Frankfurt, Ujerumani, kumliwaza Clara, binti wa tajiri, asiyeweza kutembea. Huko anaugua kwa kukumbuka kwao, anarudishwa, na baadaye Clara anamfuata mlimani. Kitabu kimetafsiriwa katika lugha zaidi ya 50, Hollywood wakakitolea filamu mwaka 1937, na Wajapani wakatengeneza katuni mashuhuri mwaka 1974 chini ya mwongozaji Isao Takahata. Karibu miaka 150 imepita na watoto bado wanakisoma.

Kwa nini? Jibu la kawaida ni mlima: hewa safi, maua, jua likizama na theluji ikigeuka rangi ya moto. Mimi nimekulia kwenye mji ambao ukifungua dirisha unatazamana na mlima, na jibu hilo halinitoshi. Nadhani Heidi inadumu kwa sababu inamwamini mtoto anaposema anataka kwao. Hilo ni jambo dogo kulitamka, lakini hebu jiulize ni mara ngapi umeona mtu mzima akilitenda.

Tuanze na mtu ambaye wasomaji wengi humchukia: Dete. Kwenye nakala yangu ya Kiingereza aliitwa kwa neno lile lile wanalomwitia ndugu yeyote wa kike wa baba au mama. Ukimleta kwenye Kiswahili inabidi uchague, na ukishachagua, kitabu kinabadilika. Dete ni mdogo wake marehemu mama yake Heidi. Kwa hiyo si shangazi. Ni mama mdogo. Na yule babu ni baba wa baba.

Sasa mpeleke Heidi Uluguru. Kwa Waluguru ukoo unafuata upande wa mama, na ardhi ya ukoo vilevile. Mtoto ni wa kwa mama yake. Ukiwauliza wazee wa Kinole au Mgeta nani mwenye sauti juu ya yatima huyu, wasingemtaja kwanza babu mzaa baba anayeishi peke yake kileleni. Wangeuliza wajomba wako wapi, na mama zake wadogo na wakubwa ni akina nani. Kwa macho hayo, Dete anapokuja kumchukua Heidi haji kuiba mtoto wa mtu. Anakuja kuchukua mtoto wake.

Na Spyri hakumwandika Dete kama shetani. Amemlea Heidi tangu akiwa mchanga, akisaidiana na mama yake mzazi. Mama huyo akafa, Dete akashuka kutafuta kazi ya hotelini katika mji wa Ragaz, mtoto akabaki kwa bibi mmoja wa kulipwa. Kisha ikatokea nafasi ya kazi Frankfurt, kwa watu wenye uwezo. Afanyeje? Hana mume, hana shamba, ana mikono yake tu. Anampandisha mtoto kwa babu na kusema, kwa ufupi, kwamba yeye ameshabeba zamu yake. Miaka mitatu baadaye anarudi na habari njema: familia tajiri inatafuta msichana wa kukaa na binti yao. Machoni pake hiyo ni bahati. Machoni pa nusu ya Tanzania pia ingekuwa bahati.

Tatizo ni namna anavyomtoa. Heidi hataki kwenda, kwa hiyo Dete anamdanganya. Anamwambia akichoka atarudi tu wakati wowote, na kwamba atamletea bibi yake Peter mchungaji, kikongwe kipofu asiyeweza kutafuna mkate mgumu, mikate laini myeupe ya mjini. Mtoto anakwenda kwa sababu ya mikate. Mstari wa namna hii ni nani hapa hajawahi kuusikia? “Twende, utasomeshwa.” “Twende, utajifunza cherehani, utarudi Krismasi.”

Nyumbani kwetu alikuwepo dada. Sitamtaja jina. Aliletwa na mama mmoja wa mtaani, akitokea Mgeta, akiwa na miaka kumi na mitatu hivi, na yeye aliahidiwa cherehani. Mimi nilikuwa na miaka minane au tisa. Alikuwa akiosha vyombo kwenye karo nyuma ya nyumba, na kutoka pale kwenye karo mlima wote unauona: Lupanga mbele yako, mawingu yamekaa mabegani mwake. Ukubwani ndipo nilipopata hesabu ya jambo lile. Heidi akiwa Frankfurt anapanda mnara wa kanisa ili aone milima, na anachokiona ni mapaa, mapaa, mapaa. Dada yetu hakuhitaji mnara. Alikuwa anauona mlima kila siku, ila kwao ni upande wa pili, nyuma ya vilele. Alichokuwa anakiona kutwa ni mgongo wa nyumbani.

Asubuhi moja hakuwepo. Alikutwa pale yanapopakia magari ya Mgeta, amekaa, bila mfuko, bila nauli. Alirudishwa. Hakupigwa, lakini alisemwa siku nzima, na neno lililorudiwa lilikuwa moja: huna shukrani.

Sasa rudi kwenye kitabu. Heidi naye anajaribu kuondoka, anakamatwa mlangoni, na msimamizi wa nyumba, Bi Rottenmeier, anamwambia hayo hayo: analala pazuri, anakula vizuri, na bado anataka kuondoka? Spyri anaonyesha hatua kwa hatua kinachofuata. Mtoto anaelewa kwamba kutaka kwao ni kosa. Akisema, Clara ataumia, bwana mkubwa atakasirika. Kwa hiyo ananyamaza. Anaacha kula. Usiku analia kichwa kikiwa ndani ya mto asisikike. Kisha mlango wa mbele wa nyumba unaanza kukutwa wazi kila asubuhi, watumishi wanasema nyumba ina jini, na baba yake Clara anakesha na rafiki yake daktari wakiwa na bastola. Usiku wa manane wanakuta mtoto amesimama mlangoni na nguo ya kulalia, amelala huku anatembea.

Mazungumzo kati ya daktari na Heidi usiku ule, kwangu, ndiyo moyo wa kitabu kizima, na ndiyo ambayo toleo langu la mtumba lilikuwa limeyabana kwenye sentensi mbili. Daktari hamkemei. Anamuuliza anaota nini. Kila usiku, anajibu, naota niko kwa babu, nasikia misonobari ikivuma, nakimbia kufungua mlango nione nyota, kisha naamka niko Frankfurt. Kuna mahali panauma? Hapana, ila kuna kitu kinakandamiza, kama jiwe. Daktari anamwacha alie mpaka aishe, kisha anakwenda kumwambia mwenye nyumba dawa ni moja: mtoto arudishwe, na aondoke kesho. Hasemi apewe syrup, wala hasemi atazoea.

Ugonjwa huo wenzetu wa Uswisi waliupa hadhi mapema. Mwaka 1688, huko Basel, Johannes Hofer aliandika tasnifu ya udaktari juu yake, akaunda jina kwa maneno mawili ya Kigiriki, la kurudi na la maumivu, na kwa muda mrefu ulihesabiwa kuwa maradhi ya Waswisi, hasa askari wao waliotumika nchi za mbali. Kiswahili hakikuhitaji neno jipya. Tunasema “amekumbuka kwao”, na kila mtu anaelewa. Nimekukumbuka, unamwambia mtu, na humaanishi kwamba ulikuwa umemsahau. Neno letu ni zuri. Ila ni jepesi mno mdomoni, tunalitupa na kupita: “Amekumbuka kwao tu huyo, kesho atakuwa sawa.” Spyri analichukua lile “tu” na kuliondoa.

Turudi kwenye mlima wenyewe, maana wanaokisifu kitabu hiki kwa ajili ya mandhari nao wanakikosea. Filamu na kalenda zimemfanya Heidi kuwa picha ya kutundikwa ukutani. Lakini mlima wa Spyri una njaa ndani yake. Nyumba ya kina Peter inatikisika kwa upepo, mbao zinagonga usiku kucha, bibi kipofu anaogopa itawaangukia. Mkate mgumu ni mkate wa maskini. Peter hakosi darasa kiangazi kwa sababu ni mtukutu, anakosa kwa sababu mbuzi za kijiji kizima ziko mikononi mwake. Hata babu, tunayempenda sote, amekosea jambo zito: mchungaji wa kanisa amepanda mlima kumsihi mtoto aende shule, naye amekataa. Heidi anafika miaka minane hajui a wala be.

Hii ndiyo sababu msomaji wa Morogoro anaweza kuamini mlima ule. Sisi tunajua kwamba mlima ni kazi. Ni akina mama wanaoshuka na mikungu ya ndizi kichwani alfajiri, ni karoti, kabichi na njegere za Mgeta zinazofika sokoni na matope bado mabichi. Hata maziwa ya mbuzi, ambayo kwenye kitabu ni karibu dawa ya kila kitu, kule Mgeta yana historia ya jasho: mbuzi wa maziwa wa asili ya Norway waliletwa miaka ya 1980 kupitia Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, na wakulima wakawakatia majani kwenye miteremko ile ile wanayolima. Na ni mlima ambao mwaka 1955 wenyeji waliukatalia serikali ya kikoloni amri ya kuchimba matuta ya ngazi, ikafikia risasi na kifo. Mtu anayesema mlimani kuna amani tu huyo amekwenda kutembea.

Ndiyo maana napenda jinsi Spyri anavyomrudisha Heidi. Kitabu kinaanza na mtoto aliyevikwa nguo zake zote kwa pamoja siku ya joto ili Dete asizibebe. Njiani anazivua, anaziacha kwenye majani, anapanda na mbuzi. Anaporudi kutoka Frankfurt anapita kwanza kwa bibi kipofu, anavua tena: gauni zuri na kofia ya manyoya anaviacha pale, ili babu asije akashindwa kumtambua. Lakini kuna kitu kimoja cha Frankfurt ambacho havui. Amejua kusoma.

Mwalimu wa kulipwa alikuwa ameshindwa. Aliyefaulu ni bibi yake Clara, kwa kitabu cha picha chenye mchungaji amesimama na fimbo katikati ya malisho. Heidi alijua kusoma kwa sababu kwenye kitabu aliona kwao. Na akirudi, kazi ya kwanza anayoifanyia elimu yake ni kumsomea kikongwe kipofu nyimbo za dini kutoka kitabu kilichokaa rafuni miaka yote bila wa kukisoma. Anasoma, anarudia, anarudia tena, kwa sababu bibi anataka tena. Hapa ndipo Spyri anapokataa ule ubishi wetu wa mlima dhidi ya mji. Mji ulimuumiza mtoto na mji ukampa kusoma. Vyote viwili ni kweli.

Sehemu hii huwa inanichoma, na nitasema kwa nini. Barua za kwao dada zilikuwa zinakuja na wauza mboga. Yeye alikuwa anasoma kwa shida, kwa hiyo alinipa mimi nimsomee. Nakumbuka moja. Niliisoma haraka haraka, wenzangu wakiniita nje. Akasema, “Nisomee tena.” Nikamwambia nimechoka. Ilikuwa ukurasa mmoja wa daftari.

Hayo niliyosifu hayafuti kasoro, na sehemu ya pili ya kitabu inazo. Clara anapona kwa jua, maziwa na majani yenye harufu nzuri, baada ya Peter kukisukuma kiti chake cha magurudumu korongoni kwa wivu. Kama hadithi, inasisimua. Kama neno kwa mtoto anayetumia kiti hicho leo, ni dhuluma ya kimyakimya: inamwambia furaha inaanzia kwenye kusimama. Na Peter, ambaye amenyang'anywa rafiki na watu waliokuja likizo, anatetemeka mbele ya matajiri mpaka anasamehewa na kupewa pfennig kumi kila wiki maisha yake yote. Spyri aliona umaskini vizuri, lakini dawa yake ni ile ile: mwenye pesa afungue mkono. Hakuna anayeuliza kwa nini mkate mweupe uko bondeni na mgumu uko mlimani.

Lakini hata hapo kuna mahali anasema zaidi ya alivyokusudia. Mwishoni baba yake Clara anamuuliza babu anataka nini kwa wema wote ule. Mzee hataki pesa. Anataka ahadi moja tu: kwamba yeye akishakufa, Heidi asije akalazimika kutoka kwenda kutafuta riziki kwa watu wasio wake. Anaahidiwa. Fikiria hilo. Kitabu chote cha maua na mbuzi kinafungwa na hofu ya mzee mmoja kwamba mjukuu atakuja kuwa dada wa kazi. Yaani Spyri alijua fika mwisho wa kawaida wa hadithi hii. Alijua Heidi wengine hawana daktari. Ndiyo maana alilazimika kumwekea huyu mmoja mkataba.

Riwaya zetu nazo zinaujua mwisho huo wa kawaida, na mara nyingi hazikwepi. Rosa wa Kezilahabi katika Rosa Mistika (1971) anatoka nyumbani Ukerewe na njia yake inaishia kwenye kifo. Kazimoto wa Kichwamaji (1974) anarudi kwao na kukuta hapamtoshi tena. Nawaheshimu waandishi wetu kwa ukali huo. Lakini mtoto anayesoma anahitaji pia kujua kwamba kurudi kunawezekana bila aibu, kwamba unaweza kurudi unajua kitu na bado ukatandikiwa kitanda chako cha nyasi kavu darini. Heidi anamwambia hivyo, na anamwambia bila kumficha kuhusu jiwe kifuani.

Kwa hiyo ukimsomea mwanao, mtafutie nakala nzima. Usiruke sura za Frankfurt eti zinahuzunisha. Na ukifika kwa Dete, mwite mama mdogo, uone mtoto atauliza nini. Sheria yetu ya ajira ya 2004 inakataza kumwajiri mtoto chini ya miaka 14, lakini mtoto akikuuliza yule dada wa jirani ana miaka mingapi, sheria haitakujibia.

Dada yetu aliondoka Krismasi moja na hakurudi tena. Siku hizi nikipita pale magari ya Mgeta yanapopakia, kuna mabinti wanaoshuka na begi moja, wameshikwa mkono na mtu mzima anayetembea haraka. Huwa najikuta natafuta nani kati yao anageuka kutazama juu.